Mbegu Zilizopigwa Mionzi na Lishe ya Mboga: Mwongozo wa Kujaribu na Kupima Nyanda za Juu Kusini

Mwezi Novemba, siku ya kuandaa vitalu, mama mmoja wa Inyala, mkoani Mbeya, alinivuta pembeni akanionyesha pakiti ndogo ya kaki isiyo na jina la kampuni. "Mwalimu, kijana aliyeniuzia anasema chainizi hizi zimepigwa mionzi, mboga yake inaongeza damu kuliko hizi zetu. Ni kweli? Na nikiwapikia wajukuu, hawatadhurika?"

Swali la pili nilimjibu palepale: hawatadhurika. La kwanza lilinishinda, kwa sababu jibu lake halisomeki kwenye pakiti. Linatafutwa kwenye trei ya miche, kwenye matuta na kwenye meza ya maabara. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya maafisa ugani, walimu wa kilimo, wanafunzi wa vyuo na vikundi vya wakulima wanaotaka kulitafuta kwa utaratibu unaoaminika.

Jambo hili naliona zito, na sababu yake iko nyumbani kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Iringa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu nusu, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mikoa hii ndiyo inayojaza malori mahindi, viazi, njegere na nyanya. Kwa hiyo mtu akisema ana mbegu yenye lishe zaidi, hatuna haki ya kumpuuza, wala hatuna haki ya kumwamini bila kupima.

Mionzi inafanya nini ndani ya mbegu

Mionzi inayotumika mara nyingi ni ya gama, kutoka kobalti-60 au seziamu-137. Kipimo chake ni grei: grei 1 ni nishati ya jouli 1 iliyonaswa na kilo 1 ya mbegu. Mbegu hata ikiwa kavu ina maji kidogo ndani yake. Mionzi inapopita hupasua molekuli za maji hayo na kuacha vipande vikali visivyotulia, vinavyoitwa radikali huru, na hivi hushambulia chochote kilicho karibu: utando wa seli, protini, na nyuzi za DNA zinazobeba vinasaba. Mbegu ikipata maji na kuanza kuota, hujikarabati. Pale ukarabati unapokosewa, ndipo linapozaliwa badiliko la kudumu la kinasaba.

Kutokana na hapo yanatokea mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mshtuko. Mche uliotoka kwenye mbegu iliyoguswa na dozi ndogo huweza kuongeza vimeng'enya na kemikali za kuzima radikali, zikiwemo vitamini C na fenoli. Ndiyo maana majaribio mengine huona mboga yenye vitamini C nyingi kidogo au miche inayoota upesi. Mengine hayaoni kitu, na mengine huona upungufu. Dozi iliyochangamsha aina moja ya nyanya yaweza isifanye lolote kwa aina nyingine. Zaidi ya hayo, mshtuko huu ni wa mmea huo tu. Ukivuna mbegu zake na kuzipanda, usitegemee kuukuta tena.

La pili ni badiliko la kinasaba lenyewe. Hili hurithiwa, lakini halina mwelekeo: laweza kuongeza beta-karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), laweza kuipunguza, na mara nyingi halihusiani na lishe kabisa. Faida hupatikana kwa kupanda vizazi kadhaa na kuchagua. Hivyo ndivyo ilivyopatikana balungi nyekundu ya Star Ruby, iliyotolewa Texas mwaka 1970: mbegu zilipigwa mionzi, miti ikaoteshwa, ukachaguliwa mti wenye nyama nyekundu iliyojaa likopini, ile rangi inayofanya hata nyanya iwe nyekundu. Njia yenyewe ni ya zamani. Hermann Muller alionyesha mwaka 1927 kwamba eksirei hubadili vinasaba vya nzi, na Lewis Stadler akaonyesha mwaka uliofuata kwenye shayiri na mahindi. Leo hifadhidata ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ina zaidi ya aina 3,000 za mazao zilizotokana na njia hii, na hapa kwetu Zanzibar wana mpunga wa SUPA BC.

Kuhusu wajukuu wa yule mama: mionzi ya gama ya kobalti-60 haina nguvu ya kuifanya mbegu yenyewe itoe mionzi. Mtu akipigwa picha ya eksirei hospitalini harudi nyumbani na mionzi mwilini, na mbegu ni hivyohivyo. Tena mboga anayokula mtoto si ile mbegu. Ni majani yaliyojengwa upya kwa maji, udongo na jua la Inyala.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Kabla ya kutafuta mbegu, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari unataka kujua nini. Kuna maswali mawili ya halali. Moja: je, dozi ndogo kwenye mbegu ya zao hili inabadilisha lishe ya mboga nitakayovuna msimu huuhuu? Hili ni la miezi mitatu au minne, na kikundi au shule inaliweza. Jingine: je, ninaweza kupata aina mpya yenye lishe zaidi? Hilo ni la miaka, linahitaji maelfu ya mimea na mtafiti wa mbegu pembeni yako. Hatua nyingi hapa chini ni za swali la kwanza. La pili nimeliweka mwishoni.

Usichanganye haya na mionzi inayopigwa kwenye chakula kilichokwisha kuvunwa. Viazi na vitunguu hupigwa takriban grei 50 hadi 150 ili visichipue ghalani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kiazi cha namna hiyo ukikipanda Umalila hutavuna kitu.

Hatua ya 2: Chagua zao na chanzo cha mbegu

Kwa kuanzia napendekeza chainizi au figiri, kwa sababu hukomaa upesi na ndizo mboga zinazopikwa kila nyumba. Nyanya ni nzuri zaidi kama unafikiria kuendelea na vizazi, maana hujichavusha yenyewe. Chainizi huchavushwa na nyuki, na jirani akiwa na chainizi zake zimetoa maua, mbegu utakayovuna itakuwa imechanganyika. Maharage nayo yafikirie, kwa kuwa kwetu ni mboga ya kila siku. Ndani yake kuna asidi ya fitiki inayoshika madini chuma na zinki yasinyonywe vizuri tumboni. Kwenye mazao kama shayiri na mahindi wataalamu wamekwisha kupata aina zenye asidi hiyo kidogo kwa kubadili vinasaba na kuchagua.

Nunua mbegu ya aina moja, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na yote iwe ya namba moja ya uzalishaji. Epuka chotara kama unataka kwenda kizazi cha pili, kwani chotara hugawanyika wenyewe hata bila mionzi na utashindwa kujua kipi kimesababishwa na nini. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi usiitumie.

Mbegu ile ya yule mama isingefaa kwa jaribio lolote. Haikuwa na jina la aina, haikuandikwa dozi, wala hapakuwa na mbegu ya kundi lilelile ambalo halikupigwa mionzi. Bila hiyo ya tatu huna cha kulinganisha. Hata mboga ikitoka nzuri ajabu, hutajua kama ni mionzi au ni uzuri wa mbegu ya asili.

Hatua ya 3: Sawazisha unyevu wa mbegu

Hatua hii hurukwa sana, nami nasisitiza isirukwe. Dozi moja kwenye mbegu kavu mno na kwenye mbegu yenye unyevu wa kawaida haitoi madhara sawa. Mbegu iliyokauka kupita kiasi huumia zaidi kwa sababu oksijeni hushirikiana na zile radikali. Unyevu unaotumiwa na wataalamu ni asilimia 12 hadi 14.

Weka mbegu kwenye mifuko midogo ya kitambaa chepesi, itundike ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, na chini yake weka mchanganyiko wa gliserini asilimia 60 na maji asilimia 40. Mbegu zisiguse kimiminika. Ziache siku 5 hadi 7. Mbegu za kulinganishia nazo zipitie chombo hichohicho, zisafiri pamoja na nyingine, zirudi pamoja nazo. Tofauti iwe moja tu: hizo hazikuingia kwenye mionzi.

Hatua ya 4: Upigaji wa mionzi

Hapa sina lugha laini. Mionzi haichezewi nyumbani, na hakuna mashine ya kuazima mtaani. Matumizi yote ya mionzi nchini yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa Sheria ya mwaka 2003. Kikundi au shule ipite kwenye taasisi ya utafiti au chuo kikuu. Kwa sisi wa Mbeya mlango wa karibu ni TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Taasisi za nchi wanachama zinaweza pia kuomba mbegu zipigwe mionzi kwenye maabara za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zilizoko Seibersdorf, Austria. Mbegu zikivuka mpaka zitahitaji cheti cha afya ya mimea.

Kwenye kila mfuko andika kwa penseli, ndani na nje: zao, aina, dozi unayoomba, tarehe. Wino wa kalamu hufutika. Zikirudi, omba karatasi inayoonyesha dozi iliyopigwa kweli, chanzo cha mionzi na siku iliyopigwa. Kisha usizikawize kabatini. Panda mapema iwezekanavyo, maana madhara huendelea kukua mbegu ikikaa.

Hatua ya 5: Tafuta dozi kwenye trei kabla ya shamba

Mazao hayalingani uvumilivu. Jamii ya kabichi, chainizi na figiri ni sugu na huweza kustahimili mamia ya grei. Nyanya ni ya kati. Maharage, njegere na vitunguu huumia upesi. Kwa mara ya kwanza omba dozi mbalimbali, zote kwa grei: kwa chainizi au figiri 0, 100, 200, 400, 600, 800 na 1,000, kwa nyanya 0, 100, 200, 300, 400 na 500, kwa maharage 0, 50, 100, 150, 200 na 300. Kama swali lako ni la kuchangamsha, ongeza dozi za chini kabisa: 5, 10, 20 na 40.

Panda mbegu 30 kwa kila dozi, mara tatu, kwenye trei zenye mchanga uliochanganywa na mboji. Trei zihamishwe nafasi kila siku mbili, kwa sababu ya karibu na dirisha hupata jua kuliko ya ukutani. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na Juni hadi Agosti baridi yake hukawiza uotaji, kwa hiyo hesabu siku zako kuanzia mche wa kwanza wa trei ya kulinganishia ulipotokeza.

Siku ya 14 chukua rula. Ng'oa miche taratibu, ilaze juu ya karatasi nyeupe, pima kutoka shingo ya mzizi hadi ncha. Utaona jambo ambalo nambari peke yake haisemi. Miche ya dozi kubwa hutoa majani mawili ya mwanzo kama kawaida, halafu inasimama. Jani la kweli la kwanza linatokea likiwa limekunjamana, nene, mara nyingine lina baka jeupe upande mmoja kama limemwagiwa maziwa. Wengi hudanganyika na asilimia ya uotaji, kwa sababu yale majani mawili ya mwanzo yalikwisha kuumbwa ndani ya mbegu na huhitaji kutanuka tu. Kinachosema kweli ni urefu na jani la kweli.

Chora mstari wa dozi na urefu. Kwa swali la lishe ya msimu mmoja, chukua dozi tatu ambazo miche yake haikupungua urefu kuliko ya kulinganishia. Kwa kutafuta aina mpya, wataalamu hulenga dozi inayopunguza urefu kwa asilimia 30 hadi 50.

Hatua ya 6: Matuta yasiyopendelea

Msimu wangu wa kwanza nilipanga matuta manne kwa mfuatano, kuanzia dozi sifuri juu ya mteremko hadi dozi kubwa chini, karibu na mfereji. Chainizi za chini zilinenepa, majani mapana, kijani cha kupendeza. Nikaandika kwenye daftari kwamba mionzi imefanya kazi. Wiki mbili baadaye nilichimba kwa jembe kila tuta: la juu udongo ulikuwa unga mkavu, la chini ulishikana kiganjani. Nilikuwa nimepima mfereji. Ilibidi niwaeleze wakulima wote niliokuwa nimewaonyesha, na nilifanya hivyo, kwa sababu wawili walikuwa wamekwisha kuulizia mbegu.

Kwa hiyo fanya hivi. Dozi nne, pamoja na sifuri, zirudiwe mara nne: jumla matuta 16, kila moja mita 1.2 kwa mita 3. Gawa eneo katika makundi manne yanayokata mteremko, ili kila kundi liwe kwenye usawa mmoja, na ndani ya kila kundi ziwemo dozi zote nne. Nani akae wapi ndani ya kundi, piga kura: karatasi nne kwenye kofia, mtoto achomoe. Usichague mwenyewe, hata kwa nia njema.

Samadi ipimwe kwa debe lilelile, mbolea kwa kizibo kilekile, maji kwa idadi sawa ya ndoo. Palilia matuta yote siku moja. Pandikiza chainizi sentimita 45 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Mimea ya mstari wa pembeni usiipime kamwe, maana hupata hewa na mwanga kuliko ya ndani. Kwa kawaida mkulima hung'oa mche dhaifu akapachika mwingine. Hapa ukipachika, mche huo utoke kwenye trei ya dozi ileile na uandikwe.

Pima udongo kabla ya kupanda kama uwezo upo. Udongo wa Uyole wenye asili ya volkano na udongo wenye tindikali wa Mufindi havilishi mmea sawa, na madini ya kwenye jani hufuata yale ya kwenye udongo kwa kiasi ambacho mionzi haiwezi kukibadili. Shamba lenye upungufu wa zinki litatoa mboga yenye upungufu wa zinki, mbegu iwe imepita popote.

Hatua ya 7: Kuvuna sampuli

Vuna matuta yote asubuhi moja, kati ya saa 1 na saa 3. Vitamini C hubadilika kwa jua na joto, na tuta lililovunwa saa 7 mchana halilingani na la asubuhi. Chukua majani yaliyokomaa ya katikati, si ya chini yaliyozeeka wala ya moyoni, kutoka mimea 8 ya ndani ya tuta. Kama mimea ya dozi fulani imechelewa, andika hivyo. Jani changa na jani komavu havina lishe sawa, na tofauti ya umri hujifanya tofauti ya mionzi.

Madini chuma yanataka uangalifu wa pekee. Vumbi letu jekundu limejaa chuma. Jani lisilooshwa vizuri litasoma chuma maradufu na utashangilia udongo. Osha kwa maji safi mara mbili, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, katakata kwa kisu kisichoshika kutu juu ya ubao wa plastiki. Usitumie kinu cha chuma.

Gawa sampuli mbili papo hapo. Ya vitamini iingie kwenye kasha lenye barafu, gizani, na ipimwe siku hiyohiyo. Ya madini na protini ikaushwe kwenye oveni nyuzi 60 hadi 65 mpaka uzito usishuke tena, isagwe, ifungwe. Hiyo kavu inaweza kusafiri kwa basi hadi Morogoro kwenye maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine bila kuharibika. Mbichi ikisafiri hivyo, vitamini C hupotea njiani.

Hatua ya 8: Kupima

Anza na kipimo kinachodharauliwa: ukavu. Pima gramu 100 za majani mabichi, kausha, pima tena. Tuseme tuta la sifuri limebaki gramu 8 na la mionzi gramu 5. Maana yake majani ya mionzi yamejaa maji zaidi. Hata kama kila gramu kavu ina chuma sawa, sahani ya mboga hiyo itampa mtoto chuma kidogo zaidi. Mmea ulionenepa upesi mara nyingi huwa hivi: majani mengi, lishe imetandazwa. Kwa hiyo kila matokeo yaandikwe mara mbili, kwa gramu 100 mbichi na kwa gramu 100 kavu, na pembeni yake uzito wa mavuno ya tuta zima.

Vitamini C inapimika hata kwenye maabara ya sekondari. Mwalimu wa kemia aandae ayodini ya nguvu ya moli 0.005 kwa lita. Kila mililita 1 ya ayodini hiyo hula miligramu 0.88 za vitamini C. Saga gramu 25 za majani na maji baridi yaliyotoneshwa, ongeza maji yafike mililita 100, chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi. Chukua mililita 20 za mchujo, weka matone ya maji ya wanga, dondosha ayodini kutoka kwenye bureti huku ukitikisa, hadi rangi ya buluu nyeusi itokee na kukaa nusu dakika. Ukitumia mililita 2.6, ni miligramu 2.29 kwenye mililita 20, yaani 11.4 kwenye gramu zote 25, yaani kama miligramu 46 kwa gramu 100 za mboga. Rudia mara tatu kwa kila tuta.

Rangi ya kijani huficha mwisho wa kipimo, kwa hiyo weka karatasi nyeupe chini ya chupa na ongeza maji kidogo kwenye mchujo. Kabla ya yote jaribu ayodini yako kwenye vitamini C ya kiasi unachokijua, uone kama inasoma sawa. Tena kumbuka ayodini hula na kemikali nyingine za kwenye jani. Kulinganisha tuta kwa tuta inafaa. Kutangaza kiwango halisi cha vitamini C, peleka maabara kubwa.

Chuma na zinki zinataka mashine ya kusoma atomi kwa mwanga. Protini hupimwa kwa naitrojeni, ikizidishwa kwa 6.25. Beta-karotini hutolewa kwa kiyeyushi na kusomwa kwenye mwanga wa nanomita 450. Hivi vyote ni vya maabara, uliza gharama mapema na upunguze idadi ya vipimo kuliko kupunguza marudio ya matuta. Vipimo viwili vilivyorudiwa mara nne vina thamani kuliko vipimo vinane vya mara moja.

Ninapenda pia kipimo kimoja ambacho vitabu huwa havikiweki: pika. Chukua sampuli ya kila tuta, ipike kama nyumbani, pima vitamini C tena. Chainizi ikichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini C huondoka na yale maji. Ukiona kwamba upishi umepoteza zaidi ya kile ambacho mionzi iliongeza, hilo nalo ni la kumwambia mama wa Inyala, tena litamsaidia jioni hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kusoma nambari bila kujidanganya

Tazama kwanza matuta manne ya sifuri peke yake. Yanatofautiana kiasi gani? Kama vitamini C yake ni 41, 44, 47 na 50, basi shamba lako peke yake, bila mionzi, huzaa tofauti ya 9. Dozi iliyosoma wastani wa 48 dhidi ya 45.5 haijaonyesha kitu. Kama matuta yote manne ya dozi fulani yamezidi tuta la juu kabisa la sifuri, hapo una sababu ya kurudia msimu ujao. Rudia, na safari hii mtu mwingine apime akiwa hajui sampuli ipi ni ya dozi ipi.

Usiuze mbegu kwa maneno "ina lishe zaidi" kutokana na msimu mmoja. Aina mpya ina njia yake ya kuthibitishwa na TOSCI, na mkulima anayenunua kwa imani analipa kwa fedha ya ada ya mtoto.

Hatua ya 10: Ukitaka kwenda kizazi cha pili

Mmea uliotoka moja kwa moja kwenye mbegu iliyopigwa mionzi huwa na viraka: tawi hili lina badiliko, lile halina. Usichague chochote hapo. Kwa nyanya, chukua tunda kutoka kichala cha kwanza cha kila mmea, toa mbegu, kila mmea bahasha yake na namba yake. Kizazi kinachofuata ndicho kinachogawanyika na kuonyesha tofauti. Panda miche 20 hadi 30 kwa kila bahasha. Mabadiliko yenye faida ni adimu, ndiyo maana kazi hii huhitaji maelfu ya mimea na ushirikiano na watafiti. Kikundi kinaweza kutoa shamba na macho. Wao watoe maabara.

Mmea utakaoonekana una rangi nzito zaidi ya likopini au sukari zaidi, ufungie namba, vuna mbegu zake peke yake, panda tena na upime tena. Mmea huo ukishikilia tabia hiyo vizazi vitatu au vinne, gawa mbegu mafungu mawili. Moja lipande Ilula, mkoani Iringa, kwenye joto na wakulima wa nyanya waliozoea, jingine Uyole kwenye baridi, na kila sehemu weka kando yake nyanya ya asili uliyoanza nayo.